Mama mkwe alipona saratani, lakini binti zake hawajui

*Barua ya msomaji*

Assalaam alaikum Bi Mshauri,

Mimi ni Msomali wa Kenya. Nilizaliwa Garissa, nikakulia Eastleigh, na sasa naishi na mume wangu na watoto wetu Minneapolis, jimbo la Minnesota. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyosomea, na pia kwa sababu familia ya mume wangu ilipitia Ethiopia kabla ya kufika Marekani. Hakuna hata mmoja wao anayekijua.

Nafanya kazi ya uhudumu wa afya ya jamii katika kliniki moja. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapigia simu kina mama wa Kisomali na kuwakumbusha wakapimwe saratani: picha ya matiti, kipimo cha mlango wa kizazi, kipimo cha choo kwa ajili ya utumbo mpana. Majibu nimeyazoea. "Siumwi, sasa niende nikautafute ugonjwa?" "Ajali yangu iko kwa Mungu," yaani siku yangu ya kufa. Wengine husema inshallah kwa upole kabisa, na mimi najua hiyo inshallah maana yake ni hapana.

Sasa kliniki na kina mama wa msikiti mmoja wanaandaa mkutano kabla ya Ramadhani. Patakuwa na sheikh, daktari wa kike wa Kisomali, chai na sambusa. Mratibu wetu, mzungu mwenye roho nzuri, anataka apatikane mwanamke wa Kisomali aliyewahi kuugua saratani akapona, asimame awaelezee wenzake. Ameniuliza kama namfahamu mtu. Nikamjibu, "Nitaangalia."

Namfahamu, Bi Mshauri. Ni mama mkwe wangu.

Mwaka juzi, akiwa na miaka 61, alikubali kupigwa picha ya matiti ili tu nimpe nafasi apumue, maana nilimsumbua sana. Wakakuta uvimbe mdogo. Walimfanyia upasuaji wakautoa, titi likabaki, kisha akapigwa mionzi. Leo anameza kidonge kimoja kila siku na daktari ameridhika naye. Tunaojua ni watatu: yeye, mwanawe na mimi.

Jinsi nilivyoingia katika siri hii ni kwamba siku ya kwanza hospitali ilimpa mkalimani wa simu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume. Mama akavuta hijabu yake mpaka kidevuni, ingawa yule bwana hakuwa akimwona. Walipomletea mkalimani wa kike, ana kwa ana, alikuwa jirani ya binamu yake. Akaninong'oneza, "Huyu hapana." Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria.

Mionzi ilikuwa kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Wanawe wa kike tukawaambia Mama ameanza darasa la Kiingereza. Wifi yangu mkubwa alikuwa akipiga simu jioni kumuuliza leo wamefundishwa nini, kwa hiyo tukirudi nyumbani, ndani ya gari, nilikuwa namfundisha sentensi moja ya kujibia. Hiyo operesheni nayo tulisema ni mawe ya nyongo.

Mama anaficha kwa sababu ya binti yake mdogo, mwenye miaka 24, ambaye kuna watu wameanza kuja kumposa. Anasema wakisikia kwao kuna kansa wataondoka. Aliniambia, "Huyu akishaolewa, ndipo tutaona." Pia anaogopa kijicho.

Wifi mkubwa ana miaka 41. Hajawahi kupimwa. Mwezi uliopita nilipomgusia alicheka akasema, "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Kauli hiyo ilinichoma. Mume wangu nilipomweleza aliniambia siri ya mama yake si mali ya kliniki yetu, na kwamba nisiiguse.

Nifanye nini? Mama akisimama mbele ya wale wanawake, najua watakwenda kupimwa, maana wamesoma Qurani kwake na wanamheshimu. Na wifi yangu je? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Nimechoka.

*Mkwe, Minneapolis*

*Jibu*

Waalaikum salaam, mwanangu.

Kwanza, barua yako ilikuwa na mambo mawili ambayo mtu wa mtaa wenu angeyasoma akamtambua Mama. Nimeyaondoa. Nakutajia hilo kwa sababu linaonyesha jinsi siri ya namna hii inavyoweza kuvuja hata mkononi mwa mtu mwangalifu kama wewe.

Nimeisoma barua mara ya pili nikaona umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Mmoja ni mkutano wa msikitini: je, Mama atoe ushahidi? Wa pili ni wifi yako mkubwa: je, ana haki ya kujua ugonjwa uliompata mama yake mzazi? Kwa kuwa vyote viwili vinategemea kinywa cha mtu mmoja, vimekuwa kitu kimoja kichwani mwako. Lakini mizani yake ni tofauti. Wa kwanza unahusu manufaa ya watu wengi ambao Mama hana deni nao. Wa pili unahusu mwili wa mwanawe.

Tuanze na msikiti. Unasema Mama akisimama "najua watakwenda kupimwa". Unajua kweli? Wewe ndiye unayepiga zile simu, kwa hiyo ninakuomba ukumbuke mazungumzo yenyewe, si yale majibu ya mwanzo tu. Mwanamke akishamaliza kusema ajali yake iko kwa Mungu, anauliza nini? Nimezungumza na kina mama wengi walio ughaibuni, na mara nyingi swali la pili huwa la kawaida kabisa. Nani atabaki na watoto? Nitafikaje? Atakayenishika ni mwanamume? Mkalimani ni nani, na ni wa ukoo gani? Nikikutwa na kitu na sina bima, nitalipa na nini?

Maswali hayo yana majibu, na hakuna hata moja linalohitaji mgonjwa aliyepona. Anayepiga picha ya matiti huko Marekani karibu kila mara ni mwanamke, lakini wangapi katika wale unaowapigia wanalijua hilo kabla hujawaambia? Minnesota ina mpango wa idara ya afya ya jimbo uitwao Sage, unaowalipia vipimo vya matiti na mlango wa kizazi wanawake wasio na bima au wenye bima isiyotosha. Na kwa mlango wa kizazi, ambako wengi wenu mliokeketwa na kushonwa utotoni mnaogopa kile chombo cha kupimia kinachoingizwa ndani kuliko hata ugonjwa, tangu 2024 Marekani imeidhinisha mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, hapo hapo kliniki, mlango umefungwa, bila mtu kumtazama. Hiyo ni habari ya kutangazwa msikitini! Nikiwa katika kamati yenu ningeitanguliza mbele ya hotuba yoyote.

Sheikh naye anaweza kulijibu lile la ajali kuliko mgonjwa. Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu wajitibu, akawaambia Mungu hakushusha maradhi ila ameyashushia na dawa. Mwanamke anayesema ajali yake iko kwa Mungu hajakosea, wala haimfai mtu wa kliniki kumsahihisha imani. Lakini akilisikia hilo kutoka kwa sheikh wake, kipimo kinakuwa sehemu ya ile imani.

Haya yote si kusema kwamba ushahidi wa mtu hauna uzito. Unao, na nadhani wewe umeuona uzito huo kwa karibu kuliko mratibu wako. Eastleigh ulipokuwa ukikua, ulisikia habari za mwenye kansa lini? Mara nyingi alipokuwa tayari kitandani, uvimbe umeshapasuka, familia inachangisha fedha za kumpeleka India. Aliyegunduliwa mapema akatibiwa alirudi zake nyumbani na kunyamaza. Kwa hiyo mtaa mzima unawajua waliokufa na haumjui hata mmoja aliyepona, kisha tunashangaa wanawake wakisema kansa ni kifo. Mama yuko miongoni mwa walionyamaza, na ndiyo maana unaona kama ukimya wake unawanyima wenzake kitu. Hisia hiyo naielewa. Ila yapo mambo ya kuangalia.

Wenzako wa kazini wangekwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini Mama hakuyaficha maradhi kwa daktari. Alipimwa, akapasuliwa, akapigwa mionzi, na dawa anameza. Alichoficha ni habari, tena kwa hesabu: ana binti anayeposwa, na anaijua jamii yake kuliko sisi. Mtu anaweza kusema hesabu hiyo haina msingi. Ni saratani chache tu za matiti, kati ya asilimia 5 na 10, zinazotokana na jeni ya kurithi, na mkwe wa maana hamkimbii binti wa watu kwa ajili hiyo. Lakini wazazi wa mchumba hawaji kuposa na takwimu mkononi. Mama analijua hilo. Kwa hiyo nakuomba usiuchukue ukimya wake kama ujinga wa kuondolewa kwa elimu. Na umesikia mwenyewe, ameuwekea ukomo: huyu akishaolewa.

Mtu aliyesukumwa jukwaani huongea kama aliyesukumwa, na wanawake wale wataliona. Je, kuna njia ya kati? Naona kama zipo, na kila moja ina mwiba wake.

Mama anaweza kufungua mkutano kwa dua na kusema neno moja tu: mimi nimepigwa hiyo picha, inabana kidogo, haichukui muda, aliyenihudumia alikuwa mwanamke. Hapo hajataja ugonjwa. Kwa wanafunzi wake wa Qurani hilo huenda likatosha kabisa. Mwiba ni kwamba bibi mmoja atauliza kwa sauti, "Na wakakuta nini?" Mbele ya umati, katika nyumba ya Mungu, atajibu nini? Kama hana jibu analoweza kulala nalo, asisimame.

Mnaweza kumwalika mwanamke wa mji mwingine. Wasomali wako wengi Columbus, wako Seattle, na huenda yupo anayekubali kueleza yaliyompata mahali ambapo hana jirani. Mwiba wake ni fedha za safari, na kwamba watu watauliza ni binti wa nani mpaka wapate jibu. Au mambo kama haya yatungiwe buraanbur, ule ushairi wa wanawake wa Kisomali. Kina mama wenu huwasikiliza washairi wao harusini na misibani kuliko wanavyoisikiliza karatasi ya kliniki, na shairi linaweza kubeba uvimbe, hofu na kupona bila kumtaja yeyote. Nisichokushauri uharakie ni ile hadithi ya "kuna mama mmoja ninayemfahamu". Wewe ukiisimulia, watu wataanza kuhesabu wanawake walio karibu nawe. Na hawatahesabu mbali.

Ndiyo maana lile jibu lako la "nitaangalia" linanitia wasiwasi kidogo. Mratibu ana roho nzuri, lakini atauliza tena, pengine mbele ya watu. Fikiria kama ungependa kumwambia mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba huna mtu wa kumtaja. Huko si kudanganya. Mtu uliyemjua ukiwa mkwe na mkalimani wa familia hayumo katika orodha ya kliniki. Na ikijulikana kwamba mhudumu wa afya alitoa nje hata siri ya mama mkwe wake, nani atapokea simu yako tena?

Sasa wifi, na hapa nakiri mizani inanielemea upande mwingine.

Mume wako amesema siri ya mama yake si mali ya kliniki. Amesema kweli. Lakini hapo ameijibu kliniki, dada yake hajamjibu. Dada huyo akienda kwa daktari ataulizwa kama kuna saratani katika familia, naye atajibu kwa moyo mweupe, "Kwetu hakuna." Jibu hilo litaandikwa, na mambo yatapangwa kwa kulifuata. Mwanamke ambaye mama yake amewahi kuugua saratani ya matiti ana hatari karibu mara mbili ya yule ambaye mama yake hakuugua. Hilo linastahili kujulikana. Wakati huohuo lisikutie hofu kupita kiasi: Mama aligunduliwa akiwa na miaka 61, na hali hiyo ina uzito mdogo kuliko ya mama aliyeugua akiwa na miaka 35. Wanawake wengi wenye binti au mama aliyeugua hawapati ugonjwa huo kamwe. Haraka ipo, lakini si ya usiku wa leo. Una nafasi ya kwenda kwa utaratibu.

Tena kuna mlango ambao hauhitaji siri yoyote. Ushauri uliopo Marekani tangu 2024 ni kwamba mwanamke yeyote wa miaka 40 hadi 74 apigwe picha ya matiti kila miaka miwili. Wifi ana 41. Umri wake unatosha kuwa sababu. Unaweza kumchukua kama ulivyomchukua mama yake, kwa kumsumbua, kumwangalizia watoto na kumwahidi chakula mkitoka. Mlango huo utamfikisha kwenye mashine ila hautasahihisha lile jibu la "kwetu hakuna", na huo ndio upungufu wake.

Anayeweza kulisahihisha kwa haki ni Mama. Je, mmewahi kulizungumza? Barua yako inaeleza anavyowaogopa wachumba na kijicho, lakini sikuona mahali ulipomuuliza kuhusu binti mkubwa. Huenda hajui kwamba ugonjwa wake una maana yoyote kwa mwanawe, kwa sababu kila kilichosemwa hospitali kilipita kwako, na wakati ule nyote mlikuwa mkipigania kupona. Siku ya kumwona daktari itakapofika, mnaweza kumwomba daktari mwenyewe aeleze mabinti wafanye nini. Safari hiyo pengine utumike mkalimani wa simu, mwanamke, wa jimbo la mbali kama atapatikana, ili wewe ukae upande wa Mama kama mkwe na maneno yasitoke mdomoni mwako. Likitoka kwako, anaweza kudhani kliniki imekutuma. Hilo la kutumwa litaje wewe mwenyewe kwanza, umtoe shaka: mambo ya msikitini yamekwisha, nimekuja kwa ajili ya wifi.

Anaweza kukataa. Anaweza pia kukubali nusu: amwambie mkubwa peke yake, na mkubwa aape kunyamaza mpaka mdogo aolewe. Hapo ndugu wawili watakuwa na siri dhidi ya wa tatu, jambo ambalo lina uchungu wake, lakini familia nyingi huishi hivyo na maji yakatulia.

Na usidhani kabisa wifi hajui kitu. Mtu mzima wa miaka 41, anayepiga simu kila jioni, aliyeona mama yake akienda darasani kila siku kwa wiki kadhaa na bado mama huyo hawezi kumuuliza dereva wa basi neno kwa Kiingereza! Huenda ile kauli yake ya "kwetu hakuna" ilikuwa ya kukupima wewe. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema uwe tayari kwa hilo.

Umeniuliza pia, kwa kimya, kama unaweza kumwambia wifi bila ruhusa ya Mama. Siwezi kukukatia shauri hilo, na namshuku anayeweza kulikata kwa mstari mmoja. Upande mmoja ni mwili wa wifi. Upande wa pili ni mwanamke aliyewakataa wakalimani wote akakuchagua wewe, ambaye akikosa kukuamini hatakwenda tena hospitali na mtu mwingine, na vile vidonge vyake ni vya miaka kadhaa. Ukifika huko baada ya kujaribu kwa Mama, kwa daktari na kwa mume wako, utakuwa unachagua ukiwa na macho. Ukianzia huko, utakuwa umechagua kwa sababu umechoka.

Uchovu huo haukuja bure. Umekuwa mkwe, dereva, mkalimani, mwalimu wa Kiingereza cha uongo na mfanyakazi wa saratani, yote kwa wakati mmoja, na mume uliye naye katika siri amekuambia usiiguse. Nadhani yeye ndiye wa kuanza naye. Usimpelekee habari ya msikiti hata kidogo. Muulize kuhusu dada yake tu: angependa daktari aandike nini pale wanapouliza kuhusu familia? Msikilize mpaka amalize. Ni mama yake, na huenda hofu yake hajawahi kuisema kwa sauti.

Mratibu umjibu wiki hii, kabla hajauliza tena. Kisha tafuta tarehe ya Mama ya kumwona daktari, na ukipenda niandikie kabla ya hapo tupange pamoja maneno ya kumfungulia mazungumzo.